Jicho la Kulalia

Daktari alipoliomba jicho langu la kulia, nilimuuliza swali ninalomuuliza kila anayesimama mbele ya viatu vyangu na kuanza kutaja bei ya chini.

"Na mimi napata nini?"

Alikuwa daktari wa kike, mdogo kwa sauti, mwenye mikono baridi inayonukia sabuni ya hospitali. Tulikuwa Kitale, kwenye kliniki ya macho, mimi nimekaa kwenye kile kiti kirefu na mke wangu amesimama nyuma yangu.

"Unapata kupumzika, mzee," akasema. "Halioni hili. Linakuuma tu."

"Kutoona najua. Mimi ndiye ninayeishi nalo."

Mke wangu akanifinya bega. Anaijua sauti yangu ikianza kupatana bei.

La kushoto walikuwa wamelitoa zamani kidogo. Presha ya macho ndiyo iliyoniharibu, ikaanza na hilo, ikalizima, kisha ikaliacha likiniuma kama kidonda. Wakati huo sikupatana na mtu. Nililala mezani, nikaamka na bandeji, nikanywa supu, nikarudi kwenye biashara yangu. Usiku nililala, asubuhi niliamka. Kwa hiyo sasa, presha ilipokuwa imemaliza na la kulia, kila mtu aliona hesabu ni nyepesi. La kwanza liliondoka bila kelele, na la pili lifuate. Mke wangu aliona hivyo. Mchungaji wetu aliona hivyo. Hata wateja waliona hivyo, maana jicho lenyewe lilikuwa limevimba na kugeuka rangi, na mtu hawezi kupatana vizuri akiwa anaogopa kukutazama. "Kwani linaona?" Wote waliniuliza hilo, kama watu waliokaa kikao wakakubaliana.

Na mimi ningekubali mwishowe, kama si mwanamke mmoja wa Bungoma.

Nieleze kwanza kazi yangu. Nauza viatu vya mitumba kwenye varanda ya duka moja la vyuma la familia ya Wahindi, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Mzigo ukifunguliwa, viatu hutoka vimetengana, na kazi ni kuvikutanisha. Wenye macho hutafuta rangi. Mimi natafuta ubovu. Kila mtu ana namna yake ya kukanyaga vibaya, na viatu vyote viwili huibeba ile namna. Nikikuta kisigino kimelika upande wa nje, natafuta mwenzake aliyelika upande wa nje. Naingiza mkono ndani, nasikia vidole vya mwenyewe vilivyojichimbia makao. Nikishapata jozi nafunga kamba pamoja. Halafu nahesabu jozi zote, na nikimaliza nahesabu tena, kwa sababu watu wakijua huoni hujitolea kukusaidia kuhesabu, na kila nikisaidiwa hubaki na pungufu.

Lakini raha yangu haikuwa kukutanisha. Raha ilikuwa kupatana.

"Mzee, hii imechakaa bana."

"Ulitaka mpya ukaja kwangu?"

"Si unipunguzie."

"Weka chini, uende utembee soko lote, ukirudi nitakuongezea."

Wakirudi, na walikuwa wakirudi, nilikuwa nawangoja nikicheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani.

Sasa huyo mwanamke wa Bungoma. Nilipopofuka nikiwa mtu mzima, yeye ndiye aliyenifundisha kutembea na fimbo, kupiga pasi bila kujiunguza, na kutomwamini mtu anayeniambia barabara iko wazi. Namwita Mwalimu mpaka leo. Yeye alitolewa macho yote mawili akiwa mtoto mchanga, kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo hajui hata neno "mwanga" lina maana gani isipokuwa joto la jua usoni. Anakaa upande wa Mabanga, anafuma sweta za shule kwa mashine. Nilipoambiwa nitatolewa jicho nilienda kumwona, kwa sababu yeye ndiye mtaalamu wa kutokuwa na macho.

Nilimkuta kwenye mashine, inakwenda kwa kasi. Nikamweleza. Mashine ikanyamaza.

"Wewe hulala?" akaniuliza.

"Maumivu yakinipa nafasi, nalala."

"Saa ngapi?"

"Usiku, Mwalimu. Kama watu."

"Kama watu." Akalirudia hilo taratibu, kama mtu anayeonja mboga. "Basi usiwape jicho."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, mwanafunzi. Mimi sikosi usingizi. Usingizi wangu unatembea. Leo unakuja saa nne usiku, vizuri kabisa. Kesho unachelewa kidogo. Kesho kutwa unachelewa tena. Unaendelea hivyo tu, mpaka unakuja saa saba mchana, niko hapa kwa mashine, watoto wameletwa kupimwa sweta, na mimi kichwa kimeanguka kwa uzi. Usiku huohuo nimekaa kitandani kama nimekunywa chai ya birika nzima. Halafu unazunguka, unarudi mahali pake, nakaa siku chache kama mtu. Tena unaondoka."

"Labda ni mawazo," nikasema. Hivyo ndivyo watu husema kwetu mtu asipolala.

"Ati mawazo! Na wewe pia?" Akagonga mashine kwa kiganja. "Kazi ya kupokea simu nilifukuzwa, wakisema nakunywa pombe. Ningekuwa nakunywa si ningelala! Mwanamume mmoja alinioa wiki nzuri, wiki mbaya ikamtoa. Shangazi yangu akasema ni pepo, akaita kanisa lote wafanye kesha nyumbani kwangu kuombea usingizi wangu. Wameimba, wameomba, wamepiga makofi. Kufika alfajiri wamelala wote kwa viti, mchungaji anakoroma. Aliyebaki hajalala ni mimi peke yangu. Nikawachemshia chai."

Nilipomaliza kucheka nilimuuliza hayo yanahusu nini jicho langu, maana hata mimi sioni.

"Huoni, lakini mwili wako unajua kumekucha. Wa kwangu haujui. Nani anauambia? Wenzangu niliosoma nao, wenye macho yaliyokufa ndani ya kichwa, wengi wanalala sawa, si wote. Sisi tuliotolewa, karibu sote usingizi wetu unatembea. Mimi si daktari. Kamuulize daktari."

Nikarudi kwa daktari, mimi na mke wangu, nikamuuliza hivyohivyo. Sikutaka kumfundisha kazi. Nilitaka tu kusikia kama atakwepa. Hakukwepa. Alivuta kiti akakaa karibu nami, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na foleni.

"Ni kweli," akasema. "Ilinipasa nikwambie mimi. Jicho lina kazi mbili. Moja ni kuona, na hiyo kwako imekwisha. Nyingine ni kuuambia mwili sasa ni mchana, sasa ni usiku, na hiyo inaweza kubaki hata kwa mtu asiyeona kitu. Kwako siwezi kukuhakikishia kama ipo. Lakini unalala usiku?"

"Nalala."

"Basi pengine ipo."

Pengine. Mimi nimeishi kwa neno hilo miaka yote sokoni. Nikaanza kupatana. Nikamwambia aniachie jicho, anitulizie maumivu. Akasema kuna dawa za matone, na zikishindwa kuna sindano ya nyuma ya jicho ya kuua neva, lakini alionya kwamba jicho lenyewe limeoza kwa mbele, linaweza kupasuka au kuingiwa na wadudu. Nikauliza linaweza kukaa muda gani. Akasema hajui. Nikamwambia asiyejua muda asiharakishe. Akakubali. Nilitoka pale nimenyooka kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi.

Mke wangu akanibebea ile chupa ya matone.

Matone yalisaidia, kisha yakapunguza kusaidia. Sindano ilinipa kipindi kizuri. Kila asubuhi nilikaa varandani nimelielekeza lile jicho bovu kwenye jua, kama mtu anayemwotesha mgonjwa moto. Wateja walidhani naomba. Jua la Kitale asubuhi ni dogo na miezi ya mvua linachelewa kupasua ukungu, lakini nililisubiri. Usiku, hata nikiwa na maumivu, usingizi ulikuja mahali pake, ukanichukua, ukanirudisha alfajiri. Nilikuwa nalia ndani ya usingizi, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini nililala.

Aliyeniambia ni mke wangu. Siku moja tulikuwa tunafungua mzigo, yeye anakata kamba, mimi ninatandaza gunia. Akasema bila kuinua sauti:

"Baba watoto, wewe unalala. Mimi silali."

Akaendelea kukata kamba.

"Unaugua usiku kucha kama mtu anayechinjwa. Unageuka, unanipiga na kiwiko. Nikikuamsha unaniambia sasa maumivu yamekuja sababu nimekuamsha. Nikinyamaza nakusikiliza. Kukicha unaamka unanyoosha mikono, ati, umelala vizuri. Halafu mimi ndiye ninabeba mzigo, ninapika, ninakupeleka. Tangu lini sijalala, unajua?"

Sikujua. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, huyo sikuwa nimemhesabu hata mara moja.

"Lala chumba cha watoto," nikasema.

"Nimelala huko. Nyumba yetu ni ya mabati na mbao, unadhani sauti inabisha hodi?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia yaliyompata Mwalimu. Akasema anayajua, alikuwepo nilipoyasimulia mara ya kwanza na mara ya pili na mara ya mchungaji. Kisha akasema:

"Sisemi utoe. Jicho ni lako. Nasema tu huo usingizi unaoulinda, nusu yake ulikuwa wangu."

Hatukuongea tena habari hiyo, lakini kuanzia siku hiyo sikuweza kulielekeza jicho juani bila kumsikia nyuma yangu akikokota miguu. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kinaburuta. Hapo awali hakikuburuta.

Mwisho wake jicho lenyewe ndilo lililokata maneno. Msimu wa mvua likaanza kutoa maji mazito yenye harufu, na mimi nikawa na homa. Watu wa varanda wakasogeza viti mbali nami. Daktari aliponishika kichwa alilitazama jicho kwa muda mfupi sana.

"Mzee, sasa si biashara tena. Hii ikienda ndani inaweza kukuua."

"Hakuna matone?"

"Hakuna."

"Sindano?"

"Hakuna, mzee."

"Huwezi kuniachia kipande? Kile kinachojua kumekucha. Chukua kilichooza, niachie hicho."

Alianza kucheka, kisha akaacha. "Ningejua mahali pa kukata ningekuachia," akasema.

Mke wangu alikuwa amenishika mkono. Nilimgeukia nikamuuliza anasemaje. Akasema, "Nataka uishi." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. Nikatia dole gumba kwenye fomu.

Baada ya upasuaji, kwa muda, nilidhani nimewashinda wote. Maumivu yaliisha kabisa, mpaka nikahisi kichwa changu ni cha mtu mwingine. Nililala usiku. Mke wangu alilala pia; alilala kama aliyeanguka, hata jogoo hakumsumbua. Nikampigia Mwalimu nikamwambia mimi labda nimeumbwa tofauti.

"Ngoja," akasema.

"Ningoje nini?"

"Wewe ngoja tu. Haukimbii. Unatembea."

Usingizi ulianza kwa kuchelewa kidogo, nikasema ni kahawa. Ukachelewa zaidi, nikasema ni joto. Halafu ikawa nasikia adhana, nasikia jogoo, nasikia mke wangu akiamka kuwasha jiko, na mimi ndiyo kwanza macho yangu, yaani pale yalipokuwa macho, yanaanza kuwa mazito. Jua la varanda lilinipiga usoni kama kawaida. Nilisikia joto lake. Lakini lilikuwa joto tu, kama la jiko, halikuniambia kitu.

Nilirudi kwa daktari. Akanipa vidonge ambavyo vilibidi kuagizwa, vya kumeza saa ileile kila jioni, akasema vinawasaidia wengine na wengine haviwasaidii, na nivipe muda. Nimevipa. Kwangu bado havijashika. Mwalimu anasema kwake vinaushika usingizi mkia, lakini mkia tu.

Kilichoniondoa varandani ni jozi moja ya viatu. Wanaume wawili walikuja mchana, wakati ambao kwa mwili wangu ulikuwa usiku wa manane. Baba yao alikuwa amefariki, yuko mochari, walitaka viatu vyeusi vya ngozi vya kumvika. Mtu anayenunua viatu vya marehemu hapatani sana, na mimi huwa simpandishii. Nilikuwa na jozi mbili nyeusi zilizofanana, nilizozikutanisha asubuhi ileile kichwa kikiwa kimejaa pamba. Nikawapa moja. Wakashukuru, wakaenda. Nadhani nililala kabla hawajavuka barabara.

Baada ya mazishi mmoja wao alirudi. Nilimjua kwa sauti, nikadhani amekuja kununua vya kwake.

"Mzee, ulituuzia za kushoto mbili."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rundo, ukaikuta ile jozi nyingine nyeusi. Nikaingiza vidole ndani ya kimoja, kisha kingine. Vyote vilikuwa vya kulia.

"Tuligundua mochari, kuvalisha," akasema. "Gari limengoja, watu wako nyumbani wamekaa. Yule wa mochari akalazimisha kimoja. Tukafunika miguu na shuka, mama asione."

"Nikurudishie pesa."

"Sijafuata pesa."

"Chukua hizi. Chukua yoyote unayotaka."

"Hapana, mzee. Nilitaka tu ujue." Akageuka kuondoka. "Mzee wetu alikuwa fundi viatu," akasema, akaenda zake.

Nilizihesabu jozi zote zilizobaki, kwa kidole, moja moja, kushoto na kulia. Nilipomaliza nilizihesabu tena. Katika hesabu ya pili nilipotelea katikati, nikazinduka mke wangu ananitikisa, mate yamenikauka kidevuni, na mvua imeshalowesha safu ya mbele.

"Twende nyumbani," akasema.

Siku hizi biashara iko hivi. Viatu vinaletwa nyumbani. Mimi nakutanisha saa yoyote ambayo mwili wangu unaita mchana, hata kama nje ni giza na mbwa wanabweka, maana taa sihitaji. Nikikutanisha nafunga, na mke wangu akiamka anapitia kila jozi kwa macho yake kabla hajaitia kwenye gunia. Hajanikuta na kosa tena, lakini hajaacha kupitia. Halafu anabeba kwenda varandani, anauza yeye. Wiki ambazo usingizi wangu umerudi mahali pake nakwenda naye, nakaa pale siku chache, na wateja wa zamani husema, "Mzee, ulipotelea wapi, bei zimeshuka!" Nacheka nao. Sikuambii ninavyozisubiri siku hizo. Lakini kabla sijazoea, usingizi umeshachelewa tena, na mimi nimeshabaki nyumbani.

Jana mke wangu alirudi jioni, nami ndiyo nimeamka. Akajilaza bila hata kuvua viatu. Nikamuuliza lile buti la ngozi, lile zito lenye soli ya kushonwa, ambalo nilikuwa nimelipapasa siku nzima nikijipangia nitakavyoliuza kama ningekuwa pale, limetoka?

"Limetoka."

"Kwa bei gani?"

"Aliyotaja mteja."

"Alitaja mara ngapi?"

"Mara moja. Nikampa."

Nikavuta kiti karibu na kitanda. Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu mtu anayetaja mara moja. Nikaanza kumweleza kwamba huyo ulipaswa umwache aende, atembee soko lote, na akirudi ndipo unapoanza. Nilikuwa nimefika kwenye namna ya kushika kiatu mbele yake bila kukitoa, niliposikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa ameshalala.

Nikamvua viatu, nikavitia pamoja chini ya kitanda, nikaenda kufungua gunia.